Spirulina, klorela au mafuta ya mwani: kipi kwa moyo wa mtu wa Visiwani?

Jamaa akirudi Unguja au Pemba kutoka Maskati, siku hizi ndani ya begi, katikati ya udi na tende, hutoka kopo la unga wa kijani au chupa ya kapsuli. "Hii ya moyo, mpe mama." Mama anapokea, anashukuru, anaiweka juu ya friji, na maswali yanaanza. Inaliwa vipi? Inashusha presha au lehemu? Na je, aache vidonge vya hospitali? Kwenye maduka ya dawa nako, vitu hivi hupangwa rafu moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na mteja huachiwa achague kwa bei au kwa uzuri wa lebo.

Si ndugu wa tumbo moja. Katika mwani mdogo wa kula, yaani ule usioonekana mmoja mmoja ila kwa hadubini, vitu vitatu ndivyo vinavyofaa kuwekwa mezani pamoja: spirulina, klorela, na mafuta yenye DHA (mojawapo ya mafuta ya omega-3, kama yale ya samaki) yanayotolewa katika viumbe vingine kabisa vya jamii hiyo. Kila kimoja kinagusa namba yake kwenye karatasi ya maabara, na kimojawapo kinaweza hata kupandisha ile unayotaka ishuke. Kwa hiyo swali la kwanza ni karatasi yako inasema nini.

Huna karatasi? Basi pesa ya kopo la kwanza ipeleke maabara. Omba kipimo kamili cha mafuta ya damu: lehemu (kolesteroli) ya jumla, LDL (ndiyo ile inayoitwa mbaya), HDL (inayoitwa nzuri) na trigliseridi. Wakikuambia uende na njaa, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi anajua siku ya kwenda. Na upime presha, hata kama hujisikii chochote. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta takriban theluthi moja ya watu wazima wana presha ya juu, na presha haina tabia ya kubisha hodi.

Kwanza tuutoe mwani wetu

Mwani wa Paje, Jambiani na wa Pemba, ule wa kufungwa kwenye kamba na kuanikwa, ambao kilimo chake kilianza hapa mwaka 1989 na wakulima wake wengi ni kina mama, haumo katika mashindano haya. Ni mwani mkubwa mwekundu, spinosamu na kotonii. Thamani yake iko kwenye karajinani, nyuzinyuzi zinazogandisha maji, na ndiyo maana unafaa kwa jemu, sabuni na juisi. Nyuzinyuzi ni jambo zuri kwa tumbo na moyo, lakini mwani huo hauna rangi ya buluu ya spirulina wala DHA ya maana. Anayekuuzia unga wa mwani wa pwani kwa jina la spirulina anakuuzia kitu kingine.

Vyenyewe ni nini

Spirulina kisayansi ni bakteria anayejipikia chakula kwa jua, anayependa maji ya magadi. Haikuzuka na matangazo ya mtandaoni. Wanawake wa Kikanembu kando ya Ziwa Chad wameikusanya tangu zamani, wakaikausha juu ya mchanga kuwa vipande wanavyoviita dihe, na kuvipika kwenye mchuzi. Kwetu Afrika Mashariki wanaoifaidi zaidi ni heroe wadogo wa maziwa ya magadi kama Natron na Bogoria. Waridi la manyoya yao linatokana na chakula hicho.

Klorela ni mwani wa kijani hasa, duara dogo lenye ukuta mgumu. Ukuta huo tumbo la binadamu haliuwezi vizuri, kwa hiyo lebo lazima iseme umevunjwa. Isiposema, rudisha kopo rafuni. Biashara yake ilianza kukua Japani na Taiwan miaka ya 1960.

Mafuta ya mwani ni hadithi nyingine. Viumbe kama Schizochytrium hukuzwa gizani ndani ya matangi yaliyofungwa, hulishwa sukari, kisha mafuta yao hukamuliwa. Usitafute ukijani humo. Ni mafuta ya manjano au ya rangi ya chungwa, na kazi yake yote ni omega-3.

Ukiwa na unga wa spirulina na wa klorela nyumbani na hujui upi ni upi, chukua gilasi mbili za maji baridi, tia ncha ya kijiko kila moja, usikoroge sana, ziache usiku kucha. Asubuhi kwenye gilasi ya spirulina maji yatakuwa yamevuja buluu, buluu ya kweli kama ya wino, na ukiishika gilasi kwenye mwanga utaona mng'ao mwekundu unapita ndani yake. Hiyo ni faikosayanini, rangi ambayo watafiti wengi wanaihusisha na sifa za spirulina. Klorela haitoi buluu hiyo; itatua chini tu na kuyaacha maji yana ukijani hafifu. Spirulina isiyotoa buluu kabisa huenda imekaushwa kwa moto mkali au imezeeka. Sasa kamulia ndimu kwenye ile gilasi ya buluu: rangi inafifia mbele ya macho yako.

Kwenye karatasi ya maabara

Spirulina ndiyo inayosifiwa zaidi, na namba zake ndizo zinazovutia zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha majaribio saba, ulikuta lehemu ya jumla imeshuka kwa wastani wa kama 1.2 mmol/L, LDL kama 1, trigliseridi kama 0.5, na HDL kupanda kidogo. Mwingine wa mwaka 2021 ulikuta namba ya juu ya presha inashuka pointi 4 hadi 5 na ya chini kama 7. Kwa chakula, hizo ni namba kubwa, kubwa kiasi kwamba mimi sizimezi nzima. Majaribio yalikuwa madogo, hali za washiriki hazikufanana, na vipimo vya kula navyo vilikuwa mbalimbali. Nakubali kwamba inasaidia. Kwamba itakushushia LDL kwa pointi nzima, hapo naomba tusubiri majaribio makubwa.

Klorela haina makeke hayo. Mwaka 2018 yalijumlishwa majaribio 19 yenye watu 797, na LDL ilishuka kwa kama 0.2 mmol/L tu, namba ya juu ya presha pointi 4 hadi 5, sukari ya asubuhi kidogo. Trigliseridi hazikusogea la maana. Ni punguzo dogo, lakini limesimama juu ya watu wengi zaidi, na linafanana na kile unachoweza kutarajia kutoka kwenye chakula.

Mafuta ya mwani ndiyo yenye mtego. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa majaribio 11 ulikuta DHA ya mwani inashusha trigliseridi kwa kama 0.2 mmol/L na kupandisha HDL kidogo, ila LDL nayo ilipanda kwa kama 0.23. Soma tena hapo. Mtu ambaye shida yake ni LDL, akinunua kapsuli hizi kwa sababu zimeandikwa "moyo", anaweza kurudi maabara akaikuta LDL iko juu kuliko alivyoiacha. Haimaanishi mafuta haya ni mabaya. Maana yake ni kwamba yana mgonjwa wake: mwenye trigliseridi za juu, au asiyekula samaki.

Wauzaji wa omega-3 hupenda kulitaja jaribio la REDUCE-IT la mwaka 2018, ambalo matukio ya moyo yalipungua kwa robo. Ile ilikuwa EPA, omega-3 nyingine, iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, kwa agizo la daktari, kwa watu waliokuwa tayari wanameza statini, vidonge vya kushusha lehemu. Jaribio jingine kubwa, STRENGTH la mwaka 2020, lililochanganya EPA na DHA, halikuona faida hiyo. Vipimo vikubwa vya omega-3 pia vimehusishwa na moyo kupiga bila mpangilio. Basi kapsuli ya dukani ya miligramu mia tatu isijivike kanzu isiyo yake.

Kwa spirulina na klorela, hakuna jaribio lililoonyesha kwamba waliokula walipata mshtuko wa moyo mara chache zaidi. Tunachojua ni namba za damu. Statini hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50, na faida yake kwa moyo imethibitishwa kwa maelfu ya watu. Kwa hiyo mazungumzo kama haya ya dukani hayana jibu jingine:

"Mwanangu, nikinywa huu unga, nile tena na kidonge changu cha presha?"

"Kidonge ule vilevile, bibi. Huu ni chakula. Daktari akikuona presha imetulia, yeye ndiye atakayepunguza."

Mshindani asiye na kopo

Hapa ndipo ulinganisho wa Visiwani unapoachana na ule wa Ulaya. Samaki hatengenezi DHA kwa kiasi cha maana. Anaikuta kwenye chakula. Mwani mdogo wa bahari huliwa na wadudu wadogo wa majini, wao huliwa na dagaa, dagaa huliwa na kibua na jodari. Kwa maana hiyo, wale dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza la mwezi wamebeba mafuta yaleyale yanayouzwa kwenye chupa kwa bei ya juu.

Ushauri wa wataalamu wengi wa moyo ni samaki mara mbili kwa wiki, wenye mafuta zaidi. Umoja wa Ulaya unakubali chakula kisemwe kinasaidia kazi ya kawaida ya moyo mtu akipata miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Mtu wa Tumbe au Mkokotoni anayekula vibua, dagaa wabichi na jodari kwa zamu hana haja ya kapsuli ili kufika hapo. Naona ni pesa ya bure kwake, na nalisema hili nikijua wauza kapsuli hawatafurahi.

Tatizo letu ni upishi. Samaki akizamishwa kwenye mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara tatu, anatoka na mafuta ya karai zaidi ya yale ya bahari. Kwa moyo, chukuchuku inashinda: maji, ndimu, pilipili, kitunguu, chumvi kidogo. Wa kuchoma ni mzuri pia. Mchuzi wa nazi sitathubutu kumkataza mtu wa Pemba, lakini tui la kwanza lina mafuta mengi yanayogandamana, na mwenye LDL ya juu atumie tui la pili, au nazi iwe ya Ijumaa. Dagaa waliochemshwa na chumvi kisha kuanikwa ni wazuri kwa protini na kalsiamu, ila kwa mwenye presha ni wa kurowekwa kwanza na maji yale kumwagwa. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na hapo bado hujala boflo na urojo.

Asiyekula samaki ndiye mteja halali wa mafuta ya mwani: mwenye mzio wa samaki, mwenye kuchukia harufu yake, aliyeamua kuacha nyama na samaki, au anayeishi bara mbali na pwani.

Bei na hesabu ya kiganjani

Bei ya kopo haisemi kitu mpaka uigawe. Majaribio mengi ya spirulina yalitumia gramu kadhaa kwa siku. Chukua gramu 3 kuwa kipimo cha kawaida: kopo la gramu 100 litakwisha baada ya siku 33. Vidonge vya miligramu 500 ni sita kwa siku, kwa hiyo chupa ya vidonge 60, inayoonekana rahisi, ni ya siku kumi tu. Watu wengi humeza kimoja au viwili kwa siku, halafu wanasema haifanyi kazi.

Ile sifa ya "protini asilimia 60" ni kweli na haina maana. Gramu 3 za unga zina protini isiyofika gramu 2, na yai moja lina kama gramu 6. Kwa protini, nunua yai.

Kwenye mafuta ya mwani, usisome maandishi makubwa ya mbele, "1000 mg". Hayo ni mafuta yote. Geuza chupa, jumlisha DHA na EPA. Mara nyingi ni theluthi, au pungufu ya nusu.

Halali, joto na unyevu

Kapsuli nyingi huvishwa jelatini, na jelatini inaweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Bahati nzuri kapsuli za mafuta ya mwani mara nyingi huvishwa ganda la mmea, kwa sababu zimelengwa wasiokula wanyama, lakini mara nyingi si kila mara. Tafuta alama ya halali au maelezo ya ganda. Unga na vidonge vilivyoshindiliwa huepusha mjadala huu.

Hewa yetu si rafiki wa unga. Msimu wa masika kopo lililofunguliwa linashika unyevu haraka, unga unaganda mabonge na kutoa harufu ya samaki aliyelala. Nunua kopo dogo, hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, tumia kijiko kikavu. Mafuta ndiyo mabaya zaidi kwa joto: yakichacha yanakuwa hayana faida. Toboa kapsuli moja, nusa. Harufu kidogo ya bahari ni sawa, harufu ya rangi ya mlango si sawa. Na usinunue kwenye duka linalopanga chupa dirishani kwenye jua.

Jikoni

Spirulina usiitie kwenye uji unaochemka. Joto linaua ile buluu. Acha uji upoe mpaka uweze kuweka mdomo. Njia inayokubalika na watoto wangu ni ndizi mbivu iliyosagwa na maziwa na nusu kijiko cha unga. Ndizi inaifunika ile harufu ya bwawa, na rangi inakuwa ya kuchekesha. Ramadhani, iweke baada ya futari, si daku juu ya tumbo tupu. Klorela ina ladha kali zaidi ya majani, bora umeze vidonge. Mafuta meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, yanafyonzwa vizuri.

Nani asiguse

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kuhusu watu walio kati yetu. Ugonjwa wa baridi yabisi ya moyo umewafanya vijana wengi nchini kubadilishwa vali, wengine wakifanyiwa hapo Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mwenye vali ya chuma hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Klorela ina vitamini K nyingi, na spirulina nayo inayo. Vitamini K hupingana na warfarini. Damu inaweza kuganda kwenye vali. Mtu huyo asianze chochote cha kijani cha kopo bila kliniki yake kujua, na akianza asibadilishe kiasi kila wiki. Mafuta ya omega-3 kwa wingi nayo yana hatari ya upande wa pili, damu kuwa nyepesi zaidi.

Wengine wa kuwa waangalifu: mwenye gauti, kwa sababu ya purini (viini vinavyoongeza asidi ya yuriki mwilini), mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia au anayetumia dawa za kupunguza kinga, mjamzito, na mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili haumudu sehemu mojawapo ya protini.

Halafu kuna usafi. Jamaa za spirulina kwenye maji machafu hutoa sumu ya ini inayoitwa mikrosistini. Mwaka 1997 jimbo la Oregon huko Marekani liliweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa gramu baada ya wasiwasi juu ya mwani wa porini wa Ziwa la Klamath. Kwa hiyo nunua iliyokuzwa kwenye bwawa la kilimo na yenye majibu ya maabara ya mikrosistini, risasi na zebaki, na angalia kama bidhaa imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Unga wa kupima kwa kijiko kutoka kwenye mfuko usio na jina, hata uwe rahisi vipi, mwachie mwenyewe. Wala usijaribu kukausha ukijani wa dimbwi la nyuma ya nyumba.

Ningechagua hivi

LDL ya juu na trigliseridi za kawaida: spirulina gramu 3, kama mfuko unaruhusu, na mafuta ya DHA uyaache. Trigliseridi za juu: punguza kwanza soda, wali wa usiku na vitamutamu, ongeza vibua, mafuta ya mwani yaje kama samaki hawaliki. Presha pekee: chumvi kabla ya kopo lolote, kisha spirulina au klorela kwa anayetaka, na namba zao haziachani sana. Kwa mwenye tumbo jepesi ningempa klorela mwisho kabisa, kwa kuwa huwasumbua baadhi ya watu kwa gesi na kuhara siku za mwanzo.

Ukishachagua, anza kidogo, nusu ya kipimo kwa wiki ya kwanza. Usibadilishe na mlo, na mazoezi, na dawa wiki hiyohiyo, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Baada ya wiki 12 rudi maabara ileile, upimwe kwa namna ileile uliyopimwa mara ya kwanza, uweke karatasi mbili sambamba. Namba isiposogea, kopo la pili usinunue.